Tromboni mbili, shaba mbili: ni madini au ni sisi?

Kijana_Machame

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari za huko.

Napuliza tromboni kwenye kikundi cha tarumbeta cha usharika wetu, Machame. Tupo 11, tromboni ni mbili. Ya kwanza ililetwa na usharika rafiki wa Ujerumani kabla sijazaliwa. Ule mdomo wake mpana wa mbele, beli, una wekundu kama sufuria ya shaba, ukingoni umevishwa pete pana ya metali nyeupe, na kwenye kipindo cha nyuma kuna urembo wa nyoka. Ya pili tumeinunua mwaka huu ikiwa imeshatumika: modeli ya 42 ya kampuni ya Bach, beli ya njano, slaidi (ule mrija unaosukumwa mbele na nyuma) ya nje nyeupe.

Tatizo ni hii ya pili. Ya Mjerumani nikiigusa tu inaitika. Bach naipuliza, sauti inakuja imechelewa kama mtoto aliyetumwa dukani akakuta wenzake wanacheza mpira. Noti za chini ndiyo kabisa, zinatoka nusu sauti nusu upepo. Mzee wetu wa kikundi anasema ni shaba: nyekundu laini, njano ngumu, basi. Muuzaji mmoja wa Dar tuliyempigia simu akasema dawa ni kununua ule mrija mfupi wa ndani unaopokea mauspisi (kile kidomo cha kupulizia), wa fedha halisi. Bei aliyotaja ni mbuzi wawili, tena wale wa Krismasi.

Nauliza kabla hatujaanza kuchangishana: aina ya madini inabadilisha sauti kiasi hicho kweli? Au tutafute beli nyingine?

(Nimesahau: mauspisi tunayo moja tu nzuri, ya Mjerumani, naihamisha. Kwenye Bach ilikuwa inacheza kidogo, tumeizungushia utepe mweupe wa mafundi bomba, imetulia.)

Tena_Nairobi

Bwana asifiwe ndugu. Mimi niko Nairobi, bendi ya Jeshi la Wokovu, tromboni ya pili.

Mzee wenu hajakosea. Shaba ya njano ni kama asilimia 70 shaba tupu na 30 zinki. Ile yenye rangi ya dhahabu ni 85 kwa 15, na ile nyekundu zaidi ni 90 kwa 10. Zinki ikipungua, sauti inanenepa. Si bure tromboni ya Conn 88H imependwa miaka yote hiyo na beli yake nyekundu. Mimi nilikuwa na chombo cha njano, nikapata cha beli nyekundu, na tangu siku hiyo bandimasta hajanigeukia kwa jicho baya. Huo mrija wa fedha wachana nao. Tafuteni beli.

FundiKoroboi

Marahaba mwanangu. Na wewe wa Nairobi, salama.

Jina hili si utani. Baba yangu alikuwa fundi bati Tanga, nimekua nalehemu koroboi na kuziba ndoo. Baadaye nikaingia bendi, nikapuliza tromboni miaka 27, na kwa kuwa nilijua moto na risasi ya kulehemu, kila ala iliyobonyea ikawa inaletwa kwangu. Nimezifungua nyingi. Macho sasa yamechoka lakini vidole bado.

Jibu la tatizo lako liko kwenye yale mabano yako ya mwisho, nitayarudia. Kwanza tumalize habari ya madini, maana naona mbuzi wako hatarini.

Tromboni si kengele ya kanisa. Kwenye kengele, shaba yenyewe ndiyo inayolia, ukiikumbatia inanyamaza. Kwenye tromboni kinacholia ni hewa iliyo ndani, karibu mita 2.7 za hewa slaidi ikiwa imefungwa, na midomo yako ndiyo mlango unaofunguka na kujifunga mara mamia kwa sekunde. Bomba ni ukuta. Kazi ya ukuta ni kuipa hewa umbo: wapi iwe nyembamba, wapi ianze kupanuka, ipanuke kwa kasi gani. Ndiyo maana siku hizi kuna tromboni za plastiki, zile pBone za rangi rangi, na mtu akiipuliza nje ya dirisha lako utasema ni tromboni. Hutasema ni ndoo.

Ukuta unatetemeka, sikatai. Shika beli mwenzako akipuliza, utahisi kama paka anayekoroma. Swali ni kama mkoromo huo unamfikia aliyekaa benchi la nyuma. Kuna Mwingereza, Richard Smith, mtengenezaji wa ala na mtu wa sayansi, miaka ya 1980 alichukua beli za tromboni zenye umbo moja na unene tofauti akawapa wapulizaji wazoefu wakiwa wamefungwa macho. Hawakuweza kuzitenganisha.

Niliposimuliwa hilo sikuamini, nikafanya la kwangu. Ukumbi wa kanisa hapa Tanga, tukatundika kitenge cha mke wangu kwenye kamba. Nyuma yake mimi na tromboni mbili zenye kipenyo kimoja cha ndani, moja beli nyekundu, moja njano, mauspisi moja nahamisha. Mbele wanakwaya 9 wameshika karatasi. Nikapiga mstari uleule mara 10, nabadilisha ninavyotaka, wao waandike N (nyekundu) au J (njano). Matokeo yao ungedhani wamerusha shilingi. Mmoja tu ndiye alipata 8. Tukamshangilia, ndipo akakiri kwamba alikuwa hasikilizi sauti, alikuwa anasikiliza ninavyoiweka chini: moja ilikuwa na raba kwenye ncha ya slaidi, nyingine raba imeng'oka.

Sasa hapa nimpe ndugu wa Nairobi haki yake. Mimi niliyezishika nilijua kila mara ni ipi. Ya njano nikikaza inawaka mapema, ile sauti inayochana kama shuka jipya. Nyekundu inavumilia kidogo kabla haijachana. Au ndivyo nilivyohisi, maana nilikuwa nazijua rangi zao! Na huko kuwaka kwenyewe, mwaka 1996 Avraham Hirschberg na wenzake walionyesha kunakotokea: ukipuliza kwa nguvu, wimbi la hewa linapita kwenye lile bomba refu jembamba la slaidi, mgongo wake unakimbia kuliko tumbo, mpaka mbele linakuwa kali kama ukuta, jamii moja na ule mshindo wa ndege zinazopita kasi ya sauti. Hilo ni jambo la urefu wa bomba jembamba na nguvu ya kifua chako. Shaba iko pembeni inatazama.

Basi rangi haina kazi? Ina kazi, ila si ile watu wanayoisema.

Njoo kwenye slaidi. Ile nyeupe ya Bach yako ni nikeli-silva, na usidanganyike na jina, haina hata chembe ya fedha. Ni shaba, nikeli na zinki. Ni ngumu kuliko shaba ya njano, kwa hiyo kiwanda kinaweza kuivuta iwe nyembamba na bado isibonyee ovyo. Ikiwa nyembamba inakuwa nyepesi, na slaidi nyepesi mkono unaipeleka na kuisimamisha upesi. Hilo utalisikia kwenye wimbo wa haraka, na hata msikilizaji atalisikia, kwa sababu umefika kwenye noti kwa wakati. Mirija ya ndani nayo huwa ya nikeli-silva iliyochovywa kromu. Kromu haikuwekwa kwa urembo. Metali mbili za aina moja zikisuguana kutwa huumana, zinachubuana; kromu juu ya shaba huteleza. Kromu ikiliwa ukaanza kuona mabaka yenye unjano kidogo, hapo hakuna maombi, ni mirija mipya.

Jambo la pili ni kutu ya shaba, na hili watu wa pwani mnisikilize. Mate, jasho na hewa ya chumvi huinyonya zinki ikatoka kwenye shaba ya njano. Unaona kidoa cha waridi, katikati kina kitobo kidogo kama ncha ya sindano. Ujue ugonjwa umeanzia ndani na sasa ndiyo unatoka nje. Nimewahi kuchomoa mrija wa kupokea mauspisi ukakatikia mkononi kama biskuti iliyoangukia chai. Shaba yenye zinki asilimia 15 kushuka chini haipati ugonjwa huo kirahisi. Kwa hiyo mtu wa Tanga, Mombasa au Lindi akiniuliza kama anunue mirija myekundu, namwambia nunua, utamwachia mjukuu. Habari ya utamu wa sauti simwambii kitu.

Haya, mabano yako. Mauspisi ya Mjerumani wako ina mguu, yaani ile sehemu inayoingia kwenye bomba, mwembamba. Bach 42 bomba lake ni inchi 0.547, karibu milimita 13.9, na inapokea mauspisi yenye mguu mnene. Wewe umeingiza mguu mwembamba kwenye kiatu kikubwa, ukajaza soksi. Utepe umezuia isicheze, lakini hewa ikitoka kwenye mguu wa mauspisi inakuta ngazi badala ya kuingia kwenye mrija polepole. Pale ndipo mwanzo wa noti unapofia. Hata beli ungeichonga kwa dhahabu ya Geita, pale mlangoni ingejikwaa vilevile.

Fanya hivi. Tafuta mauspisi ya mguu mnene, hata ya kuazima. 6½AL ni mwanzo mzuri, ila sema mguu mnene, maana namba hiyo hutengenezwa kwa miguu yote miwili. Halafu chomoa slaidi peke yake, isimamishe kipindo kikiwa chini, ziba matundu yote mawili ya juu kwa vidole gumba huku umeshika ya ndani, ya nje iachie ukiwa umeweka mto chini. Inatakiwa ining'inie. Ikianguka kama embe, inavuja. Ikivuja, tazama kwanza kile kizibo kidogo cha valvu ya kutolea mate kabla hujamlaumu mtu.

Mrija wa fedha msinunue. Mbuzi walale.

Mbeya_Saksonia

Mzee FundiKoroboi shikamoo. Mimi ni Mmoravian wa Mbeya. Kanisa letu lilizaliwa upya huku Saksonia, Ujerumani, mji wa Herrnhut, na tangu karne ya 18 wanapuliza tromboni hata makaburini, kwa hiyo nilipokuja nilijikuta kama nimerudi kwa bibi. Niko mwaka wa pili najifunza kutengeneza ala za shaba, karakana ndogo maeneo ya Markneukirchen.

Kijana wa Machame, hiyo pete nyeupe huku wanaiita Kranz, yaani taji. Ni nikeli-silva. Nyoka ni urembo wa jadi, hawaimbi. Lakini taji lina kazi. Beli ya Kijerumani hukatwa kwenye bati jembamba, na bati jembamba linaitika upesi chini ya mkono ila ukingo unakuwa mlegevu. Taji linaukaza. Ndiyo maana ukipuliza taratibu unahisi iko hai, na ukikaza haikimbii.

Mzee, nakubaliana nawe karibu kote, ila niongeze kitu ninachokiona kila siku. Beli hatuipigi mara moja ikaisha. Unakunja bati, unaunga mshono kwa moto, unagonga nyundo juu ya kalibu ya chuma, inakuwa ngumu mpaka nyundo inaruka, unaichoma moto mpaka iwe nyekundu, inalainika, unagonga tena. Mwishoni inakerezwa. Beli mbili za bati moja, rangi moja, moja ikiachwa ngumu na nyingine ikilainishwa zaidi, mkono unazijua. Mwalimu wangu hugonga ukingo kwa ukucha, anasikiliza, anarudisha moja kwenye moto bila kueleza. Halafu kuna waya unaokunjiwa ndani ya ukingo wa beli: ukilehemiwa pande zote ni habari moja, ukiachwa bila risasi ni nyingine. Wateja wanaouliza "njano au nyekundu?" ni wengi sana. Anayeuliza ilichomwa mara ngapi sijamwona.

Na mtetemo kumfikia msikilizaji: Marekani, chuo cha Rollins kule Florida, Thomas Moore na wenzake waliizuia beli ya trampeti isitetemeke kwa mifuko ya mchanga, wakapima. Tofauti ilionekana kwenye vipimo. Ndogo, lakini ipo. Kwa hiyo Smith na Moore wote wawili nawaamini, kila mmoja kwa alichouliza.

Kuhusu mrija wa fedha, umbo la ndani ndilo la kuuliza: unaanza na upana gani, unapanuka wapi. Ukinunua wa fedha mara nyingi unakuja na umbo tofauti na ule wa zamani, halafu sifa zote inapewa fedha.

Tena_Nairobi

Sasa mmenifanya nikae chini. Ile tromboni yangu ya beli nyekundu ilikuja na mauspisi yake. Mpya. Ile ya zamani nilimpa kijana wa junia bendi pamoja na mauspisi ya zamani. Sijawahi kuzibadilishana hata siku moja.

Lakini bado nasema inaniimbia vizuri zaidi.

FundiKoroboi

@Tena_Nairobi Mimi ningekuwa wewe nisingeenda kuzibadilishana. Mtu akiamini chombo chake anapumua vizuri, na pumzi nzuri msikilizaji anaisikia hadi barabarani. Acha hivyohivyo.

@Mbeya_Saksonia Marahaba. Hilo la waya nakubali kabisa. Niliwahi kulehemu upya ukingo uliofunguka nikajaza risasi pande zote kwa wema wangu, mwenye tromboni akanirudishia kesho yake: "Fundi, umenizibia pua." Nikaitoa risasi, akaondoka anacheka. Na wewe ukirudi nyumbani ujue kuna mzee Tanga anataka kuiona hiyo kalibu.

Kijana_Machame

Wakubwa, narudi na majibu. Wiki mbili zimepita.

Slaidi ilianguka kama embe, mzee, kama ulikuwepo. Kile kizibo cha valvu ya mate kilikuwa kimekauka kimepasuka. Nimechonga kingine kwa kisu kutoka kizibo cha chupa ya divai ya Meza ya Bwana, kwa ruhusa ya mchungaji. Sasa inaning'inia, inashuka polepole tu. Mauspisi ya mguu mnene nimeazima Moshi kwa rafiki. Utepe nilipoutoa ulikuwa umekunjika na mwingine umeingia ndani. Noti za chini zimekuja siku hiyohiyo, na Jumapili mama mmoja akauliza kama tumenunua tromboni ya tatu.

Mzee wetu wa kikundi amesikiliza maelezo yote, akatikisa kichwa, akasema shaba ya njano ilikuwa haijazoea baridi ya huku, sasa ndiyo imezoea.

Limebaki moja dogo. Asubuhi slaidi bado ni nzito, mchana inalegea. Tunaipaka mafuta ya nazi, yale safi ya kukamua.

FundiKoroboi

Mafuta ya nazi! Mwanangu, hayo huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Huku kwangu yanakaa maji karibu mwaka mzima. Machame asubuhi yanaganda kwenye chupa, na kwenye slaidi yako yanaganda vilevile. Unapuliza tromboni iliyopakwa mshumaa.

Osha leo kwa maji vuguvugu na sabuni ya kipande, kitambaa laini kwenye kamba, pitisha mirija yote, ya nje na ya ndani. Maji yasiwe ya moto, vanishi itabanduka. Ukikosa krimu ya slaidi, fanya walivyofanya Wamarekani zamani: krimu ya uso ya Pond's, ile nzito ya kusafishia. Chukua ya ukubwa wa punje ya mchele, paka ncha za mirija ya ndani tu, pale palipovimba kidogo, kisha inyunyizie maji kwa chupa ya kunyunyizia. Ikianza kukwama, ongeza maji, usiongeze krimu.

Na hiyo mauspisi ya kuazima, mwenyewe atakapoidai, niandikie hapa kabla hamjampigia yule muuzaji wa Dar.